Kantri Vijijini na Nyimbo za Mpakani: Mada kwa Semina ya Mpondwe



Nimeombwa nizungumzie muziki wa kantri na sababu za kupendwa kwake vijijini. Nitaanzia Bristol, mji wa Marekani ambao mtu wa Mpondwe, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, angeuelewa upesi, maana mpaka wa majimbo ya Virginia na Tennessee unapita katikati ya barabara yake kuu. Mwishoni mwa Julai 1927 Ralph Peer, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya santuri ya Victor, alifika hapo na mitambo ya kurekodia, akawaita waimbaji wa milimani. Alirekodi hadi tarehe 5 Agosti. Miongoni mwa waliokuja walikuwa Carter Family, watu wa milima ya Virginia, na Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli hadi kifua kikuu kilipomtoa kazini. Nyimbo zao zilikuwako zamani vibarazani na makanisani. Pale mpakani ndipo zilipopata njia ya kwenda mbali.

Sasa tuitazame Kasese, wilaya yetu. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Vijana waliacha mashamba wakaingia mgodini, na mgodi ulipokoma kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, familia nyingi zilibaki zikiishi kwa kumbukumbu za mshahara. Loretta Lynn wa Kentucky alipotoa mwaka 1970 wimbo kuhusu kuwa binti wa mchimba makaa ya mawe, alikuwa akisimulia maisha ya namna hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Dolly Parton, mzaliwa wa milima ya Tennessee, alitoa wimbo kuhusu koti la viraka aliloshonewa na mama yake, na namna watoto wenzake shuleni walivyomcheka. Aliyesoma hapa wilayani, Kyarumba au Kisinga, akiwa na sare yenye viraka hahitaji kufafanuliwa wimbo huo.

Wako wanaosema kwamba kantri ni mabaki ya ukoloni tu, kwamba ililetwa na redio za Kiingereza na wamisionari. Ni kweli kwa sehemu. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikuwa mtangazaji wa redio kabla ya kuvuma, na alitamka kila neno taratibu hivi kwamba hata mwenye Kiingereza cha shule ya msingi humfuata. Aliimba pia nyimbo za dini na za Krismasi. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini Desemba ikifika sauti yake bado iko hewani Kenya na Uganda. Hata hivyo redio hizo hizo zilipiga muziki mwingine wa Ulaya na Marekani ambao leo hakuna anayeukumbuka kijijini. Redio huufikisha wimbo mlangoni; anayeukaribisha ni mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba alikuwa na lake tayari. Uganda ina kadongo kamu, muziki wa mtu mmoja na gitaa lake, akisimulia kisa kirefu cha ndoa, deni, wivu au kifo huku wasikilizaji wakingoja kitakavyoishia. Waliokua na kanda za Herman Basudde na Paul Kafeero hawakupata taabu kuzielewa nyimbo za visa za mwimbaji wa kantri Kenny Rogers. Nchini Kenya, Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, amejijengea jina Nairobi kwa kuimba kantri, na naamini wengi wanaokwenda kumsikiliza ni watu wa mjini ambao nyumbani kwao hasa ni kijijini.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika kwao Kapkatet na kinasa sauti chake. Akarekodi wasichana wakiimba kwa kinanda cha nyuzi wimbo kuhusu Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers yule yule wa Bristol, ambaye alikuwa ameshakufa tangu 1933. Usikilizeni wimbo ule: mahadhi yake ni ya Kipsigis, hayakuigwa kwenye santuri. Wasichana walimchukua mgeni wakamweka ndani ya muziki wao. Ndiyo maana siwaogopei vijana wetu wanaopenda kantri. Ninachokiogopa ni kwamba waimbaji wa Marekani wamerekodiwa, na wa kwetu hawajarekodiwa vya kutosha.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 maktaba inayozitunza ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha Kapkatet, ambako baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Wakonzo wa huku kwetu nao walirekodiwa na mtafiti Peter Cooke, ambaye pamoja na Martin Doornbos alichapisha mwaka 1982 makala kuhusu nyimbo za upinzani za vuguvugu la Rwenzururu. Mkusanyiko wake uko London. Mzee wa hapa Bwera akitaka kuwasikia wenzake wa ujana wake, inambidi aulize Uingereza, na hilo linaniumiza.

Kwa hiyo naiomba semina hii ikubaliane juu ya kazi moja. Siku za soko, Wakonzo wa huku na Wanande wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, hukutana hapa bila kuitwa na mtu. Tutafute darasa moja lililo tulivu na kinasa sauti kizuri. Tuanze na wazee wanaopiga marimba ya endara na filimbi za eluma, kisha wenye magitaa, kwa Kikonzo, Kinande au Kiswahili, kila mtu kwa lugha anayoisimulia vizuri. Wasimulie pia yaliyotupata: mafuriko ya mto Nyamwamba ya 2013 na 2020 yana watu walioyaona. Juni 2023 mji huu ulipoteza zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, katika shambulio dhidi ya shule ya Lhubiriha. Kama yupo aliyewatungia wimbo, tumwombe kwa heshima auimbe. Na akikataa, tumwache.

Jambo moja tusilifuate kutoka Bristol. Peer alitajirika kwa haki za uchapishaji wa nyimbo alizorekodi. Hapa kila mwimbaji aandikiwe hati kwa lugha anayoisoma, wimbo usajiliwe kwa jina lake katika Uganda Performing Right Society, na wa Kasindi tuwasaidie kujisajili upande wao. Nakala moja ibaki shuleni Bwera, nyingine Kasindi, nyingine ipelekwe Makerere, kwenye hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann.

Na ninyi watangazaji, ombi langu ni dogo. Jumapili, kipindi cha kantri kikimalizika, wapeni waimbaji wetu hawa tutakaowarekodi nusu saa inayofuata.