Kijana, Usisome kwa Jicho Moja
(Mazungumzo na vijana baada ya futari, Kericho)



 

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mliokuja nao, leo sitazungumzia mambo yanayobatilisha saumu. Hayo mmeyasikia tangu mwezi uandame. Ramadhan ndiyo mwezi ulioshushwa Qur'ani, na neno la kwanza kushuka lilikuwa amri ya kusoma. Basi tuzungumze kusoma, tena kusoma kwa hapa hapa kwetu, katika shule zetu ndogo za Kericho, Litein, Sotik na Bomet, ambako ukichungulia dirisha la darasa unaona chai mpaka macho yachoke.

Juzi kijana mmoja alinijia na kikombe mkononi. "Ustadhi, nasikia kule kiwandani chai huchachushwa. Kitu kikichachuka si kinakuwa kileo? Na sisi tunafuturu kwa chai kila siku!" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali ni zuri na jibu lake liko kwenye kemia. Jani la chai hunyaushwa kwanza, halafu hukatwakatwa na kusagwa. Hapo utomvu wake hukutana na hewa. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya jani huiunganisha oksijeni na kemikali za jani, na rangi ya kijani ikageuka ya shaba. Likikaushwa kwa joto linakuwa jeusi. Hakuna hamira, hakuna pombe. Ni kama avokado uliyoikata ukaisahau mezani. Watu wa viwandani waliita kuchachusha tangu zamani na jina likabaki. Kwa hiyo kunywa chai yako, useme alhamdulillahi. Lakini ona, jibu la dini lilikuwa linamsubiri mwalimu wa kemia.

Sasa, tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu, na kila mmoja ana mkondo wake: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wa sayansi anasema historia ni hadithi za wazee. Wa historia anasema sayansi ni ya wenye vichwa. Mzazi naye anasema, "Soma sayansi mwanangu, historia haileti unga." Mimi nasema mkondo ni wa ratiba na mtihani tu. Akili yako usiifungie humo.

Nawaambia kwa sababu yalinifika. Nilipokuwa sekondari niliiacha historia mara tu niliporuhusiwa. Nilipenda fizikia, na shule yetu ilikuwa na maabara moja ndogo, chupa moja ya asidi tunagawana darasa zima. Miaka ikapita, mashine za kuchuma chai zikaingia mashambani. Jirani yetu, mama aliyechuma chai zaidi ya miaka 20, akaniletea barua nimsomee. Si mimi ndiye msomi wa mtaa? Nikamsomea: kazi imekwisha. Akaniuliza, "Na haki yangu ni nini, mwanangu?" Nikanyamaza. Ile mashine ningeweza kumweleza yote, injini yake na visu vyake. Haki yake sikuijua. Akakunja barua yake, akanishukuru, akaenda zake. Shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Baadaye nilijifunza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mfanyakazi akiondolewa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena, lazima itolewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Haya, piga hesabu: miaka 20 mara siku 15 ni siku 300. Sheria ni somo la jamii, kuzidisha ni hisabati, na yule mama alihitaji vyote viwili siku moja.

Mwezi wa Mei 2023 vijana wa hapa Kericho waliandamana, na mashine kadhaa zikachomwa moto. Moto haukumrudishia mtu kazi. Lakini usiwahukumu kabla hujafungua vitabu vyote. Biolojia itakwambia mkono huchagua majani mawili na kichipukizi, na mashine hukata hata jani lililokomaa. Jiografia itakwambia kwa nini chai imekubali hapa, karibu mita 2,000 juu ya bahari, mvua karibu mwaka mzima. Historia itakwambia makampuni ya Waingereza yalianza kupanda mashamba makubwa hapa miaka ya 1920, katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbu na mbung'o. Hapo tena biolojia inarudi: mtu wa nyanda za baridi hana kinga ya malaria. Bila masomo yote mawili hutaelewa kwa nini kupelekwa kule kulikuwa adhabu kali.

Wala usidhani sayansi inafanywa mbali. Mvua ya mawe inayotuharibia chai, mtafiti Russell Schnell aliichunguza hapa hapa, na mwaka 1982 yeye na mwenzake wakaandika kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza linaweza kuwa mbegu ya barafu mawinguni. Majani unayoyakanyaga ukienda shule!

Wazee wetu katika Uislamu hawakutenga. Ibn al-Haytham alichunguza mwanga, Ibn Khaldun akachunguza jamii za watu na mwaka 1377 akaandika Muqaddima. Umma uliwahitaji wote wawili.

Basi kijana mwenzangu, fanya jambo moja kabla ya Idi. Ukiwa wa sayansi, mtafute mzee mmoja umuulize ardhi hii ilikuwa ya nani. Ukiwa wa historia, mtafute mfanyakazi wa kiwandani akueleze jani linavyokuwa jeusi. Kisha baada ya alasiri kaeni msikitini mfundishane. Na nyinyi wazazi, msiwakemee wakiuliza.

Kwa maana siku moja mtu atabisha mlangoni na barua mkononi. Usije ukanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa.