Mgeni Aliyeambiwa Aandike



Watafiti wageni wengi wanaoingia Masisi, mashariki mwa Kongo, siku hizi huja na maswali yao tayari: madini ya koltani ya Rubaya, vikundi vyenye silaha, wakimbizi. Hukaa siku chache, wakapata majibu, wakaondoka. Leo naomba tumkumbuke mgeni wa namna nyingine, kwa sababu yaliyompata huko jirani, Walikale, yametuachia deni.

Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, Mbelgiji, mtaalamu wa mila za watu, alikuwa kijijini Bese, katika nchi ya Wanyanga. Alikuwa mtafiti wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni, yenye kituo kikuu Lwiro. Huko Bese alimpata Rureke, mwenye heshima ya kuitwa Shekarisi, yaani fundi wa karisi, ule utendi mrefu unaosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa papo hapo. Rureke alikubali kuutoa utendi wa Mwindo wote. Ulimchukua siku 12.

Tuitazame kazi yenyewe. Vijana wanapiga kwa vijiti mti mkavu ulioinuliwa kidogo kutoka ardhini. Fundi anacheza, anatikisa kibuyu chenye mbegu, wasikilizaji wanaitikia na kumtunza. Pembeni, mgeni na wasaidizi wake Wanyanga wanaandika kwa mkono, wakijitahidi wasiachwe nyuma. Na katikati ya wimbo, Rureke anamgeukia mwandishi na kumhimiza aendelee! Himizo hilo limeingia katika utendi, na mpaka leo limo kitabuni. Sisemi kwamba ukoloni ulisimama kwa siku hizo 12; kodi na kilimo cha lazima viliendelea nje ya ule uwanja. Lakini ndani ya uwanja mwalimu alikuwa Rureke, na msomi wa Ulaya alikuwa mwanafunzi.

Utendi wenyewe unaijua habari hii ya mgeni kufuata masharti ya mwenyeji. Mwindo, mtoto aliyefungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni na baba yake Shemwindo, anashuka mpaka kuzimu kumfuata baba huyo. Muisa, mwenye mji wa kule, hampi anachokitafuta. Anamwambia kwanza alime shamba la migomba, kisha arine asali. Wazee waliomtunga Mwindo waliyafahamu vizuri masharti ya kuingia kwa watu.

Kitabu kilitolewa mwaka 1969 na Chuo Kikuu cha California, kikiwa na majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene. Mateene alikuwa Mnyanga, mwanaisimu hodari, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Pia aliandika sarufi ya Kihunde, lugha ya majirani zao wa Masisi, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1992. Nafurahi sana kwa ajili yake. Hata hivyo Rureke, mwenye maneno, yumo ndani ya kitabu tu, jaladani hayumo.

Nasi watafiti wa leo tunafanya vivyo hivyo. Kijana anayetubeba kwa pikipiki kwenye matope, anayetafsiri Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, anayejua tusimame kizuizi gani na tuseme nini, katika tasnifu zetu hana hata mstari mmoja. Wenzetu wa Bukavu, wa kundi la utafiti GEC-SH, wamekwisha kuliandika jambo hili waziwazi, na nawashukuru.

Wanafunzi wangu nimeanza kuwaambia: ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la profesa anayekuongoza, andika jina la mzee aliyekusimulia na la kijana aliyekufikisha kwake. Na kama jina hilo likiandikwa linaweza kumletea wenye bunduki mlangoni, rudi ukamwulize yeye mwenyewe angependa tumwiteje.