Rubani wa Majaribio: Usidanganywe na "Niko Poa"

(Mazungumzo ya rubani mstaafu na klabu ya sayansi ya shule ya sekondari)

 

Nilipofika getini, msichana mmoja mwenye miwani alinipokea. Tulipokuwa tukija huku akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, eti mtu anayevaa miwani hawezi kuwa rubani?" Nikamwambia, ngoja mjukuu wangu, jibu nitalitoa mbele ya wote, maana najua hauko peke yako.

Mwalimu wenu ameniomba nieleze jinsi mtu anavyokuwa rubani wa majaribio. Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi sikufika huko. Nilirusha ndege ndogo za abiria. Lakini kila aina ya ndege niliyoishika, kuna mtu aliirusha kwanza ili kujua inakubali nini na inakataa nini. Mtu huyo ndiye rubani wa majaribio.

Labda kwenye sinema umemwona kama mtu asiyeogopa kitu. Si hivyo! Yeye ni mtu wa mpango. Kabla ya kuruka, yeye na wahandisi huandika kwenye kadi kila jambo watakalopima: kasi, kimo, na hatua moja baada ya nyingine. Wanaanza na jepesi, wanapanda polepole. Kitu kikienda ndivyo sivyo, wanasimamisha jaribio. Hakuna cha kusema "tumalizie tu".

Kwa nini uangalifu wote huo? Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilianguka dakika 6 tu baada ya kuruka. Watu wote 157 walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Miezi michache kabla, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Uchunguzi ulionyesha kwamba kompyuta ilisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini kipima kimoja kilichotoa taarifa mbovu. Kasoro kama hiyo inatakiwa kugunduliwa kwenye majaribio, kabla abiria hawajafunga mikanda.

Sasa, safari ya masomo ikoje? Huanzia hapo ulipokaa: Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Kisha chuo kikuu, mara nyingi uhandisi au sayansi. Halafu unajifunza urubani na kukusanya mamia ya saa angani. Wengi hupitia jeshi la anga. Ndipo unapoomba nafasi katika shule ya marubani wa majaribio. Zinazojulikana sana ni ya Uingereza, iliyoanzishwa 1943 huko Boscombe Down. Ya jeshi la anga la Marekani, iliyoko Edwards, California. Na ya Ufaransa, huko Istres. Kozi ni karibu mwaka mzima. Unarusha ndege za aina nyingi, na kila ukishuka unaandika ripoti. Ndiyo, insha! Ukishindwa kueleza ulichokiona, umeruka bure.

Lakini hili ni gazeti la afya, kwa hiyo tuuzungumzie mwili.

Juu sana hewa ni nyembamba. Kwenye futi 25,000, bila oksijeni ya ziada, una dakika 3 hadi 5 tu za kufikiri sawasawa. Ndiyo maana marubani hupelekwa kwenye chumba maalumu ambamo hewa hupunguzwa, huku wakisimamiwa na wataalamu. Wanaambiwa waandike majina yao au wafanye hesabu ndogo. Baada ya muda mfupi mwandiko unakuwa kama wa mtoto wa chekechea. Na unajua cha ajabu? Wengi wanajisikia vizuri! Wanacheka. Ukimuuliza, anakujibu "niko poa", na hapo kutoa sita kwenye kumi kumemshinda.

Rubani wa majaribio anajifunza somo hili: ubongo uliopungukiwa hauwezi kujipima wenyewe. Na pombe je? Bangi je? Ni yale yale. Rafiki yako aliyekunywa chupa tatu na kukuambia "panda pikipiki, niko poa" hakudanganyi kwa makusudi. Anaamini kabisa. Wewe ndiye wa kukataa kupanda. Nayo sigara inajaza damu hewa ya sumu inayochukua nafasi ya oksijeni, kwa hiyo mvutaji anapaa akiwa tayari amepungukiwa.

Mtaniambia, "Mzee, mbona Chuck Yeager alificha?" Kweli. Yule Mmarekani aliyekuwa wa kwanza kuvuka kasi ya sauti, tarehe 14 Oktoba 1947, aliruka akiwa na mbavu zilizovunjika na hakuwaambia wakubwa wake. Alifanikiwa, ndiyo maana tunamsimulia. Aliyeficha na kuanguka, nani anamsimulia?

Mimi niliwahi kuficha. Nilikuwa na mafua mazito, nikaogopa kupoteza zamu, nikanyamaza. Kupanda hakukuwa na shida. Wakati wa kushuka, sikio likaziba, maumivu yakaniingia kama msumari, hata sauti ya kwenye redio ikawa mbali. Nilikuwa na abiria nyuma, na mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Tulitua salama, lakini usiku ule sikulala. Haikuwa maumivu tu. Nilimwona yule mtoto.

Tangu siku hiyo, nikiumwa nilisema. Nilipoteza zamu kadhaa, leseni yangu sikuipoteza.

Haya, turudi kwa mjukuu wangu wa miwani. Jibu ni hili: miwani peke yake haimzuii mtu kuwa rubani wa abiria. Macho yakirekebishwa na miwani hadi kiwango kinachotakiwa, daktari anaweza kukupitisha. Atapima pia kama unatofautisha rangi, masikio, moyo, mkojo, na hali ya akili. Jeshini masharti huwa makali zaidi, kwa hiyo uliza mapema. Lakini kuna wanafunzi hawaoni ubao vizuri na wanakaa kimya kwa kuogopa kuitwa "macho manne". Masomo yanashuka, na ndoto inafia darasani kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Basi wewe unayesoma hapa, jiulize: kuna kitu unakificha? Jicho, sikio, huzuni isiyoisha, kilevi? Mtafute mtu mzima unayemwamini, au nenda kituo cha afya, ukaseme. Rubani wa majaribio analipwa kwa kusema kasoro aliyoiona. Wewe anza leo, bure.

 Haya, nani ana swali?