Kibarua ana chama gani?

Alfajiri katika steji ya Bombolulu, mahamri hata hayajaepuliwa, vibarua wameshajaa wakingoja matatu za kwenda viwandani, mahotelini na majumbani mwa watu kule Nyali. Mwulize mmoja kama ana chama. Cha kuchangishana pesa anacho. Cha wafanyakazi, atacheka tu.

Januari 1947 mji huu wa Mombasa uligoma karibu wiki mbili: makuli wa bandarini, watu wa reli, hata maboi wa majumbani. Mikutano ilikuwa Kiwanja cha Maskini, Majengo. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni Baringo, lakini mishahara ilikuwa imeshapandishwa.

Leo sheria tunayo. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima si wa kutwa tena. Lakini nani amkumbushe mwajiri? Kibarua akienda peke yake, kesho hapigiwi simu. Wakienda mia, watapewa viti.

Viongozi wa vyama nao wasijitie umalaika. Ada hukatwa kila mwezi, wao twawaona uchaguzi ukikaribia. Vyama bado vyatakikana, tena sana; basi na waje hapa steji saa kumi na moja alfajiri, na daftari la kuandikisha vibarua.