HAKI NA WAJIBU WA MWENYE RUTA YAKE KATIKA INTANETI YA FAIBA



Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Ufikapo nyumbani, modemu huugeuza mwanga huo kuwa mawimbi ya umeme, kisha ruta huigawa huduma kwa kompyuta na simu za nyumba nzima.

Kampuni nyingi huwapa wateja ruta zao, pengine kwa malipo ya kila mwezi. Je, mteja analazimika kuitumia? Mwaka 2015, kwa Kanuni Namba 2015/2120, Umoja wa Ulaya ulimpa mteja haki ya kutumia kifaa akipendacho. Ujerumani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2016, huzitaka kampuni zimpe mteja mpya taarifa zote za kujiunganisha, bila malipo wala kusubiri kuombwa.

Hata hivyo, haki huandamana na wajibu. Mwenye ruta yake hana budi kubadilisha neno la siri la kiwandani na kuihuisha programu ya ruta kila inapotolewa mpya. Aidha, pale ambapo simu ya mezani hupitia ruta, asipoiandaa upya simu hunyamaza, na nyumba ikapatwa na dharura usiku isiweze kupiga 112.

Kwa hiyo, kabla ya kuing'oa ruta ya kampuni, mteja apate taarifa hizo kwa maandishi. Akishafunga yake, ampigie jirani kwa majaribio, na ile ya zamani aihifadhi.