Mlevi Kwenye Usukani: Jela au Matibabu?

Neno "bodaboda", ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wakati vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwapakia wasafiri kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Siku hizi baiskeli nyingi zimeipisha pikipiki. Kando ya pikipiki hizo hupita malori na matangi ya petroli yanayotoka Mombasa. Mengine huingia Uganda kwa Busia, mengine kwa Malaba na Tororo, kisha njia zote mbili hukutana kabla ya Bugiri kuelekea Kampala. Katika barabara ya namna hiyo, dereva mlevi ni sawa na mtu anayefyatua risasi sokoni huku amefumba macho.

Pombe yenyewe si mgeni huko. Wateso, ambao mpaka umewagawa pande mbili, hukaa wakizunguka chungu kimoja cha ajon na kuinywa kwa mirija mirefu, na wazee huamua mambo mazito wakiwa hapo. Hakuna mwenye busara atakayewagombeza kwa desturi hiyo. Ubaya huanza pale anayeondoka chunguni, au baa, anapoingia kwenye gari na kuliwasha.

Anayekosa mara moja huonywa, hutozwa faini, na wengi hujirekebisha. Swali gumu linamhusu yule anayekamatwa mara ya pili, ya tatu na ya nne. Je, afungwe au atibiwe?

Wanaotaka afungwe husema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nchini Kenya, Sheria ya Trafiki inaruhusu faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili, kwa anayeendesha gari akiwa amelewa. Anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10. Watu hawa huuliza: mjane aliyezika mumewe ataelezwa nini akimwona muuaji wake akipelekwa kwa daktari badala ya gerezani? Swali hilo ni la haki, na anayelipuuza hajapata kufiwa.

Wanaotaka atibiwe nao wana hoja. Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe kuwa ni maradhi. Mtu wa namna hiyo akifungwa miezi sita bila matibabu hutoka na kiu ile ile aliyoingia nayo, na mchovya asali hachovyi mara moja. Gereza limeilinda barabara kwa miezi sita tu.

Ukweli ni kwamba jela na matibabu si maadui, bali yafaa vifanye kazi pamoja. Jambo la kwanza ni kumwondoa mkosaji kwenye usukani, kwa sababu raia hawawezi kungoja apone. La pili, ikiwa hajajeruhi wala kuua, mahakama imwamuru atibiwe chini ya uangalizi, apimwe mara kwa mara, na ajue kwamba siku atakayokwepa, kifungo kinamngoja. Mahakama kadhaa za Marekani hufanya hivyo. Uganda ina sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2000, na Kenya ina yake ya mwaka 1998. Zote zimekwisha kukubali kwamba adhabu si lazima iwe ya kuta nne. La tatu, aliyeua afungwe, na atibiwe humo humo gerezani.

Lakini mpango huo una mapengo mawili. Pengo la kwanza ni umbali. Hospitali ya Butabika, inayojulikana kwa kutibu watu wa namna hii, iko Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tororo. Amri ya kumpeleka maskini huko kila juma ni amri ya karatasi. Hospitali za Tororo na Busia zahitaji wauguzi waliofundishwa kazi hiyo. Pengo la pili ni mpaka wenyewe. Dereva aliyezuiwa na mahakama upande mmoja huvuka kwa hatua chache tu, na askari wa upande wa pili, asipopewa habari, humwona kuwa dereva kama wengine. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 unazitaka nchi wanachama zilinganishe sheria za barabarani. Orodha ya madereva waliozuiwa, inayosomwa Busia zote mbili na Malaba zote mbili, ingekuwa mwanzo mwema.

Hapa ndipo wajibu wa askari unapodhihirika. Askari anayepokea noti kwenye kizuizi na kumwachia mlevi apite, hakumwepusha na jela tu. Amemnyima na matibabu, na amewauza watoto watakaokutana nao mbele ya safari. Tena, mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafula mahabusu aweza kutetemeka, kuanguka kifafa na kuweweseka siku ya pili au ya tatu. Huyo hajifanyi. Aitiwe mganga mara moja, maana aweza kufa.

Mwisho, sheria haichagui sare. Dereva wa lori la jeshi au gari la polisi aliyetoka kantini ana damu kama ya raia. Wala maji baridi wala kahawa haviharakishi kuitoa pombe humo, ila muda peke yake. Mwenzake amnyang'anye ufunguo usiku huo, na kamanda amtafutie tiba kesho yake. Kumficha rafiki mlevi si udugu. Udugu ni kumzuia asiue, kisha kumsaidia apone.