Tandiko la Punda: Mgongo Kwanza, Mzigo Baadaye

(Mazungumzo na wafugaji, Himo, siku ya soko)

Leo siwazungumzii ng'ombe. Ng'ombe ana wasemaji wengi. Leo ni zamu ya punda, na hasa mgongo wake.

Punda wanapoingia hapa sokoni na mahindi na maharage, subiri washushwe mizigo, kisha uwatazame. Wapo wenye manyoya meupe katikati ya mgongo. Ile si rangi ya kuzaliwa, ni kovu. Pale palikuwa na kidonda, na kidonda kilitokana na tandiko baya, au kutokuwa na tandiko kabisa.

Kuna msemo, "Punda afe, mzigo ufike." Haya, mzigo wa leo umefika. Wa kesho atabeba nani? Mama zangu mnajua jibu. Punda akilala na kidonda, dumu la maji linahamia mgongoni kwa mama, na mtoto wa kike anaacha shule ili asaidie. Na kumpata punda mwingine si kazi ndogo. Mimba ya punda huchukua mwaka mzima na zaidi kidogo, na mtoto wake hafai kubebeshwa mzigo kabla hajatimiza miaka minne. Hesabu mwenyewe: ni miaka mitano ya kungoja. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Februari 2024 kusitisha biashara ya ngozi za punda, kwa sababu punda walikuwa wanakwisha. Kwa hiyo uliye naye mtunze.

Ujue mgongo kabla ya tandiko

Pitisha mkono katikati ya mgongo wa punda wako, kuanzia mabegani kwenda kiunoni. Utagusa mifupa iliyojipanga. Hapo pana ngozi na mfupa tu. Kushoto na kulia kwa mifupa hiyo kuna nyama iliyolala juu ya mbavu. Mzigo ukae juu ya nyama, pande zote mbili, wala usiguse mfupa wa katikati. Mkishika hilo moja, mmeshika nusu ya somo.

Gunia lililokunjwa na kutupwa mgongoni haliwezi kazi hiyo. Mzigo ukiwekwa, gunia linabonyea na uzito wote unaangukia mfupa.

Tandiko zuri likoje?

Hata nyumbani linashonwa. Tengeneza mito miwili mirefu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, kisha iunganishe ukiacha nafasi katikati yenye upana wa vidole vinne. Jaza nyasi kavu laini au sufi, ushindilie vizuri, mto uwe na unene wa vidole vinne au zaidi. Upande unaogusa ngozi uwe wa blanketi kuukuu au kitambaa cha pamba, kinachonyonya jasho. Kiroba cha plastiki kisiguse ngozi: kinaunguza na kuchubua.

Liweke nyuma ya mfupa wa bega, ili mguu wa mbele utembee bila kusuguliwa. Upande wa nyuma lisipite ubavu wa mwisho. Kiunoni hakuna mbavu za kuhimili uzito.

Mkanda wa tumboni uwe na upana wa vidole vitatu au zaidi. Kamba nyembamba ya nailoni inakata kama kisu. Ukishafunga, vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi.

Sasa fikirini njia zetu. Ukipanda kutoka Himo kwenda Marangu, mzigo unataka kurudi nyuma. Ukishuka, unakuja mbele mabegani. Kwa hiyo tandiko lihitaji mkanda wa kifuani kwa kupanda, na mkanda mpana unaozunguka nyuma ya mapaja kwa kushuka. Msipitishe kamba chini ya mkia. Ngozi ya hapo ni laini na vidonda vyake havionekani upesi.

Mzigo nao una kipimo

Punda mzima mwenye afya abebe kilo 50 zisizidi. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, moja kila upande, basi. Gunia la mahindi la kilo 100 ligawanyeni kwa punda wawili. Lumbesa tunaikataa shambani, kwa nini tuipandishe mgongoni kwa punda? Na pande mbili zilingane. Upande mmoja ukizidi, tandiko linapinduka na kusaga ngozi njia nzima.

Mtoto akipanda punda, akae katikati ya tandiko, si kiunoni, na asipande juu ya mzigo. Wenye farasi, kanuni ni hiyo hiyo, ila msichukue tandiko la farasi mkamvalishe punda. Mgongo wa punda ni bapa zaidi, na tandiko lile litayumba.

Namna ya kulipima

Tandiko likiwa juu pamoja na mzigo, simama nyuma kwa pembeni, mbali na mateke, kisha chungulia ile nafasi ya katikati. Ukiona mwanga umepita hadi mbele, vizuri. Usipouona, ongeza ujazo.

Mkifika, shusha tandiko utazame jasho. Likiwa limelowa sawasawa pande zote, tandiko limekaa. Ukikuta doa kavu katikati ya jasho, hapo pana walakini: aidha panabanwa mno, au tandiko haligusi. Kisha bonyeza mgongo taratibu kwa vidole. Punda akiinama, akilaza masikio au akirusha teke, amekwambia mahali panapouma. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi teke lile ni malalamiko.

Rudieni kipimo hiki kiangazi kikikaza. Punda akikonda, mfupa unatokeza, na tandiko lililomkaa vizuri wakati wa masika halimfai tena. Kwa sababu hiyo hiyo, kila punda awe na tandiko lake.

Kidonda kikishatokea

Pumzisha punda mpaka ngozi ifunge. Kutoboa tundu kwenye tandiko ili kukwepa kidonda hakusaidii, maana kingo za tundu zitafungua kidonda kingine. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Msipake oili chafu ya gari wala maji ya betri. Kikitoa usaha, harufu au funza, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata yenu. Kumbukeni pia kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda punda kama wanyama wengine.

Leo jioni, mkimaliza kufungua mizigo, kila mmoja apitishe mkono mgongoni kwa punda wake kabla hajalala. Atakachokigusa ndicho kitakachomwambia kama kesho tandiko lile litumike, au lishonwe upya.